Miguu Kumi Kutoka Barabarani

Wiki iliyopita niliwaacha ukumbini kwa Mjomba Nassibu, nimeshika karatasi ya ofisi ya mji.

Kwa aliyekosa gazeti, nitasema upesi. Mume wangu Bakari alikwenda Mtama kununua ufuta, akapata na mke. Talaka yangu ikaletwa na mwenye lori, imetiwa ndani ya gunia la mihogo mikavu. Nikarudi kwa mama. Mwaka haukwisha, mama akafa. Nyumba yake ya makuti ikaungua pamoja na nyumba nane za mtaa wetu, kwa jiko la mtu mmoja tu, tena mtu mwenyewe alikuwa anachemsha maji. Nikabaki na kiwanja, kisima, na vikuku vya mama.

Mji wetu sitautaja. Uko pwani baina ya Kilwa na Lindi, na wenyewe wakisoma watajijua.

Karatasi ile ilikuwa kibali cha kujenga.

Mimi nilidhani kibali ni ruhusa. Mtu anakwambia jenga, nawe unajenga. Kumbe kibali cha ofisi yetu ni ruhusa ya mstari mmoja, na chini yake masharti tisa. Ni kama kukaribishwa chakula kisha ukafungwa mikono.

Nyumba isiezekwe makuti. Kuta ziwe za mawe na chokaa. Kila chumba kiwe na dirisha, na ukubwa wa dirisha umetajwa, kana kwamba hewa nayo ina mwili wa kupita. Choo kiwe nyuma, mbali na kisima. Na lile la mwisho, ambalo nililisoma mara tatu: nyumba ipauliwe na iezekwe kabla ya miezi sita kupita. Isipokuwa tayari, kiwanja kitarudi mikononi mwa ofisi, nayo itampa mwingine mwenye uwezo.

Huyo mwingine tulimjua. Mzee Pazi ana duka ubavuni mwa kiwanja changu, na ana kiti ndani ya Baraza la Mji. Tangu mama yu hai alikuwa akikitazama kiwanja kile kama paka anavyotazama ungo wa dagaa. Alitaka kuweka ghala.

Mganga wa Kipatimu naye hutoa masharti. Usile kambale, usipite njia panda saa sita mchana, na wala humwulizi kwa nini. Lakini mganga walau anataka upone.

Mwenye kuisoma karatasi nilikuwa mimi. Mjomba anajua herufi za Kiarabu tu. Mimi nilifika darasa la tatu, nikatolewa siku baba aliposema herufi zilizobaki nitazikuta mbele ya safari. Basi nikasoma, mjomba akasikiliza, na Fundi Likwata, Mmwera wa Rutamba tuliyemwita kutujengea, akasikiliza huku akinusa ugoro wake.

Tukafika sharti la nne.

"Soma tena," mjomba alisema.

"Ukuta wa mbele uwe miguu kumi kutoka barabarani."

Fundi Likwata akafunga kikopo cha ugoro. "Miguu ya nani?"

"Haikuandikwa."

"Miguu kumi ni watu watano," mjomba alisema. "Au ng'ombe wawili na nusu."

"Bwana Nassibu, mimi ni fundi. Nipe dhiraa, nipe pima, nipe wari. Msikiti wenu nimeujenga kwa dhiraa. Kanisa la Wakristo nimelijenga kwa futi. Kwa miguu sijajenga hata banda la kuku."

"Pima kwa miguu yako wewe basi, yaishe."

"Miguu yangu?" Likwata akanyanyua mmoja, sote tukautazama. Wake zake wawili husema mume wao akivuka shamba hakuna haja ya jembe. "Nikipima kwa huu, bibi mdogo atakwenda kupika ndani ya kisima."

Hilo lilikuwa kweli. Kiwanja cha mama ni kifupi. Mbele barabara, nyuma kisima, na choo nacho kinataka kukaa mbali na kisima. Kila unyayo uliopotea mbele ulikuwa chumba kinachokatwa mkia.

"Ikaulizwe ofisini," mjomba alisema.

Wote wawili wakanitazama mimi. Kibali kilikuwa cha jina langu, na mwenye kusoma ni mimi.

Sasa ndugu wasomaji, hapa ndipo penye aibu yangu. Wiki zote nimewaambia mabaya niliyotendewa na watu. Hili nililitenda mwenyewe.

Mimi ni mtu wa haya. Si haya za kujitia, za kufunika mdomo kwa kanga ili watu waulize huyu binti wa nani. Zangu ni ugonjwa. Nikiwa dukani nikapewa chumvi badala ya sukari, nachukua chumvi na kushukuru. Siku ya harusi yangu niliulizwa kama nimeridhika, nikanyamaza, wakasema ukimya wa bikira ni ridhaa. Mwaona Bakari alivyopatikana.

Nikaenda ofisini. Nikasimama mlangoni. Ndani alikuwamo Karani Eusebio, kijana wa Kimakonde kutoka uwanda wa juu, anapiga mashine ya kuandika kwa vidole viwili. Matarishi wawili walikaa kwenye benchi, hawana kazi ila kutazama watu.

"Unataka nini?" karani aliuliza, bila kuinua kichwa.

Maneno nilikuwa nayo. Njia nzima nilikuwa nikiyasema. Miguu ya nani, bwana karani? Maneno matatu na adabu yake.

"Nimekuja," nilisema, "nimekuja kukusalimu tu."

Akainua kichwa. "Kunisalimu mimi?"

"Ndiyo. Shikamoo."

Eusebio hanizidi hata miaka minne. Akababaika, akatazama nyuma yake kama kuna mzee amesimama pale. "Marahaba," alisema.

Matarishi wakacheka hata mmoja akajishika ubavu. Mimi nikageuka nikaondoka mbiombio, na kicheko kile kikinifuata mpaka sokoni.

Njiani nikatafuta jibu mwenyewe. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa chuoni, tulikosoma Kurani. Alipotaka kujua kama alasiri imeingia, alisimama juani akapima kivuli chake kwa nyayo, kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole. Tulimwuliza, mwalimu, mbona nyayo zako kubwa na za mwenzetu Samia ndogo? Akatujibu kila mtu hupima kivuli chake kwa mguu wake, ndiyo hesabu inakaa sawa.

Basi. Nyumba yangu, mguu wangu. Niliona akili imenijia.

"Wamesemaje?" mjomba aliuliza.

"Wamesema miguu ya mwenye nyumba."

"Nani kasema?"

Ningeweza kusema ni mimi. "Karani," nilisema.

Ulikuwa uongo mdogo, bado hata kutambaa haujui.

Mjomba akafurahi, maana miguu yangu imetoka kwa mama, na mama alikuwa akivaa viatu vya watoto. Nikaweka kisigino penye ukingo wa barabara, wanawake wa mtaa wamekuja kuangalia, na nikahesabu nyayo kumi kuingia ndani. Likwata akapigilia kigingi.

"Bibi mdogo," alisema, "kwa miguu hii umejipatia nafasi ya kitanda kizima. Ungeolewa kwa ajili yake tu."

"Aliolewa," jirani mmoja alidakia, "ikaachwa hiyo hiyo miguu."

Wakacheka. Mimi nikatazama kigingi.

Miezi ikaenda. Vikuku vya mama viligeuka mabati, kikuku kimoja upande wa kulia wa paa na kingine upande wa kushoto. Mawe tukayavunja pwani, chokaa tukachoma wenyewe kwa magogo, na mimi nikabeba maji kutoka kisimani mpaka utosi ukaota sugu. Likwata alikuwa mwepesi wa mkono na mzito wa kuamka, kwa hiyo nyumba ilikwenda kwa mwendo wa alasiri.

Mwezi wa sita ulipokaribia katikati kuta zilikuwa zimefika usawa wa kupaua. Boriti za mikoko zimekwisha kulala chini, zinangoja kupanda. Siku zilibaki kumi na tisa. Nilikuwa nimeanza kuchagua moyoni dirisha la kukalia.

"Hodi, wenye nyumba isiyokwisha!"

Alikuwa Mzee Pazi, koti jeupe, kofia iliyodariziwa, na pembeni yake Bwana Afya wa mji, jina lake Damiani, mwenye kaptura iliyonyooshwa hata ungekatia mkate.

"Karibu, Mzee Pazi. Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, binti. Tumepita tu. Nimemwambia Bwana Damiani, twende tukaone maendeleo ya mayatima wetu. Wewe unajua mimi na marehemu mama yako tulivyokuwa."

Nilijua. Alimshitaki mara mbili kwa sababu ya kuku.

Damiani hakupoteza wakati. Akatoa utepe wa kupimia mfukoni, akamshikisha Likwata ncha penye ukuta, akaenda nao hadi barabarani, akainama.

"Futi saba na nusu."

"Sema kwa sauti, mwanangu," Pazi alisema. "Masikio yangu ya kizee."

"Futi saba na nusu! Kibali kinasema kumi. Ukuta umekaribia barabara kwa futi mbili na nusu."

Mjomba akaja na karatasi mbio, kanzu ameikunja mkononi. "Kibali kinasema miguu, Bwana Afya! Hakuna futi humu. Soma mwenyewe."

Damiani akasoma. Midomo ikamtetemeka. Kisha akakaa juu ya boriti zangu akacheka mpaka akatoa leso.

"Kwa Kizungu," alisema akipangusa macho, "mguu na futi ni neno moja. Karani amefasiri vibaya. Alitakiwa aandike futi."

"Kosa la karani wenu basi!" mjomba alisema. "Sisi linatuhusu nini?"

"Mzee wangu, kibali chenyewe ni kile cha Kizungu kilichoko ofisini. Hiki cha Kiswahili mmepewa kuwasaidia tu."

Niliyafikiria maneno yale siku nyingi. Karatasi tusiyoweza kuisoma ndiyo inayotufunga, na ile tunayoweza kuisoma haina kazi. Halafu wanashangaa watu wakienda kwa waganga.

"Na mlipima kwa miguu ya nani?" Damiani aliuliza.

Likwata akaninyooshea kidole. Damiani akatazama miguu yangu, akaanza kucheka upya. Pazi hakucheka. Pazi alikuwa akikitazama kiwanja.

"Ubomolewe," alisema kwa upole. "Ndiyo sheria. Inauma, lakini ndiyo sheria."

Walipoondoka mjomba alimwuliza Likwata ni siku ngapi.

"Kuubomoa, leo. Kuujenga upya nyuma na chokaa ikauke hata ibebe boriti, mwezi na zaidi. Nikipaua juu ya chokaa mbichi nitamwua mtu."

Zimebaki siku kumi na tisa. Hesabu hiyo hata wa darasa la tatu anaiweza. Ukuta ukibomolewa, kiwanja cha mama kinakuwa ghala la Pazi.

Tukaomba kusikilizwa na Baraza. Tukapewa Alhamisi asubuhi.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Shauri, afisa wa serikali, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha vitabuni, kila neno amelipiga pasi. Wajumbe walikuwa watano, wanne wanasinzia na Pazi yu macho. Karani Eusebio alikuwa pembeni kwenye meza ndogo, akiandika yote yanayosemwa. Mimi nilikaa nyuma ya mgongo wa mjomba, nimejifunika kanga mpaka puani.

Damiani akasema vipimo vyake. Mjomba akasema maneno mengi ambayo hayakuwa vipimo. Alianza na ukoo wetu ulivyokuja pwani, Bwana Shauri akamsihi afupishe, akaruka miaka mia moja akaangukia kwenye moto.

Kisha Pazi akasimama.

"Bwana Mwenyekiti, sisi si wanyama. Huyu ni binti yatima, aliyeachwa na mume. Naomba Baraza limhurumie. Tumwachie ukuta wake ulipo."

Wajumbe wawili wakazinduka kwa mshangao. Mjomba akaanza kulia.

"Ila," Pazi alisema, "kwa sharti moja dogo la ziada. Aachie kipande cha nyuma cha kiwanja chake, pale penye kisima. Kisima kifukiwe, achimbe mfereji, upokee maji machafu ya upande wa juu uyapeleke pwani. Kwa ajili ya afya ya mji."

Upande wa juu una nyumba moja tu. Ni duka la Pazi.

"Tumekubali!" mjomba alisema, machozi bado yako ndevuni. "Tumekubali, tunashukuru, Mungu akuzidishie, Mzee Pazi."

"Andika, karani," mjumbe mmoja alisema, apate kulala.

Sijui haya zangu zilikwenda wapi. Labda zilichoka nami kama Bakari. Nilisikia sauti ya mwanamke ndani ya chumba kile, nikageuka kumtafuta, kumbe ni mimi.

"Mzee Pazi, kunradhi. Mfereji wa duka lako unahusu nini na ukuta wangu?"

Mjomba akanivuta kanga.

"Nyamaza, Mwahija," mjomba alinong'ona.

"Naomba kujua, mjomba. Ukuta uko mbele, kosa lake ni kukaribia barabara. Mfereji uko nyuma. Nikikifukia kisima cha mama, ukuta utasogea?"

Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Pazi akasema, "Binti, mambo ya mji ni makubwa kuliko akili ya—"

"Ngoja," Bwana Shauri alisema.

Akavuta kitabu kinene, akafunua, akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma kwa kidole. Tulimngoja. Nilikuwa nasikia kalamu ya Eusebio ikikwaruza.

"Bibi huyu amesema kweli," alisema. "Baraza lina haki ya kuweka masharti. Lakini sharti lihusu jengo lenyewe linaloombewa kibali. Haliwezi kutumika kupata kitu kingine ambacho Baraza, au mjumbe, anakitamani. Mfereji wa duka la Bwana Pazi utachimbwa na Bwana Pazi."

Pazi akakaa. Kofia ilikuwa imemwenda upande na hakuirekebisha. Kwa muda wa kupumua mara tatu hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika Jimbo la Kusini.

"Sasa," Bwana Shauri alisema, "turudi kwenye ukuta."

Furaha yangu haikupata kuvuka pumzi ya nne.

"Neno hili 'miguu' ni kosa la ofisi, nakiri. Lakini mtu mwenye busara akipewa neno asilolielewa, huuliza kabla ya kujenga. Kama hamkuuliza, uzembe ni wenu na ukuta utabomolewa. Kama mliuliza na ofisi ikawapotosha, ofisi itabeba lawama na ukuta utabaki. Je, mliuliza?"

"Tuliuliza!" Mjomba aliruka kama aliyekalia siafu. "Mwahija alikwenda mwenyewe hapa ofisini. Karani huyu huyu akamwambia miguu ya mwenye nyumba. Ndivyo, Mwahija?"

Kila jicho likanigeukia. Hata waliolala.

"Bibi Mwahija," Bwana Shauri alisema, "ulimwuliza karani?"

Ulimi uliojua kumsuta Pazi ukalala.

Nikisema ndiyo, nyumba yangu, na kijana wa watu anafukuzwa kwa neno ambalo hakulisema. Nikisema hapana, kijana salama, na siku zangu zikiisha Pazi anaanza kushusha magunia palipokuwa na kitanda cha mama yangu. Ule uongo mdogo ulikuwa umekua. Sasa ulikuwa na meno.

Nilimtazama Eusebio. Kalamu yake ilikuwa imesimama. Alinitazama nami nikajua anakumbuka: mlango, shikamoo, matarishi. Alikuwa na haki ya kusimama na kusema, mwanamke huyu alikuja kunisalimu. Chumba kizima kingekufa kwa kicheko, na mimi ningekufa pamoja nacho.

"Nangoja, Bibi," Bwana Shauri alisema.

Eusebio akatazama kibali kilichokuwa mezani, penye lile neno lake 'miguu', akaweka kalamu chini. Akasimama.

"Ni kweli, bwana," alisema. "Alikuja, akaniuliza, na mimi nikamjibu hivyo. Miguu ya mwenye nyumba."

"Wewe?"

"Mimi, bwana."

"Kwa nini ulimjibu upuuzi huo?"

"Nilikuwa na kazi nyingi, bwana. Nilimwuliza anataka nini bila kuinua kichwa."

Hilo la mwisho ndilo neno pekee la kweli lililosemwa kuhusu siku ile, nalo lilisemwa na yeye.

Bwana Shauri akavua miwani. Alisema ofisi haiwezi kuwa na karani wa namna hii, mara ya kwanza kafasiri vibaya, mara ya pili kawapotosha watu. Aache funguo mezani. Mshahara wake utatazamwa baadaye. Ukuta wa Bibi Mwahija ubaki ulipo, na kibali kipigwe muhuri.

Eusebio akaweka funguo juu ya meza, moja moja, kwa utaratibu, akachukua kofia yake. Alipita karibu nami hata mkono wa shati lake ukagusa kanga yangu. Hakunitazama.

Nilikuwa na wakati. Nataka mjue hivyo. Kutoka meza ile mpaka mlango ni hatua saba, na kwa kila hatua moja ningeweza kusema, bwana, mtu huyu anasema uongo. Hakuna aliyeniziba mdomo. Nilikaa kimya, mikono mapajani, kama mtoto wa chuoni anayesubiri mwenzake achapwe.

Nimewacheka wengi katika hadithi hii. Nimemcheka Bakari, mjomba, Pazi, wajumbe wa kusinzia, na karani asiyejua mguu na futi. Mchekeni na huyu anayewasimulia.

Nikatoka kabla ya muhuri, nipate hewa. Eusebio sikumwona tena, alikuwa ameshika njia ya nyuma. Barazani alisimama mwanamke mjamzito, kikapu kichwani, kimefunikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa kwa juhudi. Alikuwa Katarina, mkewe. Nilimjua kwa kumwona kanisani kwao nikipita, naye alinijua kwa sura tu, bila jina.

"Dada," alisema, akaniwekea mkono begani kama mtu anayetafuta pa kuegemea. "Samahani, dada yangu. Nimemletea mume wangu chakula. Tarishi ananiambia kafukuzwa kazi sasa hivi. Ni kweli?"

"Ndiyo," nilisema.

"Anasema kuna mwanamke, eti Mwahija, kaja kumsingizia mbele ya Mzungu. Eti mume wangu alimwambia apime kwa miguu yake. Dada, Eusebio ananiambia kila kitu cha ofisini, mpaka nachoka. Hakuna mwanamke aliyemwuliza neno lolote. Kuna mmoja tu alikuja kumwamkia akakimbia, tukacheka usiku ule mpaka mtoto akacheza tumboni." Akakaza vidole begani pangu. "Wewe umetoka humo ndani. Nionyeshe ni yupi."

Kikapu kilikuwa kinanukia samaki wa nazi. Nikatazama chini.

"Usimwogope, dada. Nionyeshe tu."

Nyuma yangu mlango ukafunguka kwa kishindo, na Mjomba Nassibu akatoka mbio, kanzu inapepea, karatasi yenye muhuri ameinua juu ya kichwa.

"Mwahija!" alipiga kelele, uwanja mzima usikie. "Mwahija mwanangu, uko wapi? Karani amekubali kila kitu! Nyumba yetu imesimama!"

Katarina akaitazama karatasi. Kisha akanitazama mimi, kutoka usoni, polepole, mpaka miguuni. Mkono wake ulikuwa bado uko begani pangu.